Ya nyumbani yananiwasha mkono, lakini wenye nyumba hawataki niwaandike

Assalaam aleikum, Somo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tudor hapa Mombasa, na nina umri wa miaka 42. Jambo langu huenda ukaliona dogo ukilipima na yale wanayokuletea wengine, ya talaka na mirathi, lakini kwangu limekuwa kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: hauniui, ila kila nikimeza mate naukumbuka.

Kati ya mwaka 2013 na 2018 nilikuwa na blogu. Haikuwa ya siasa wala ya mapishi, na sikupata hata shilingi moja kutokana nayo. Niliandika vijambo vya nyumbani tu. Mume wangu akizozana na mfereji usiotoa maji, huku mwenye mkokoteni amesimama mlangoni na mitungi yake, akingoja kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ameshashinda. Kijana wangu wa kati akikataa kugusa mbaazi mpaka mahamri yake yahesabiwe mbele yake. Marehemu mama yangu akinifundisha upya kukuna nazi, mimi mwanamke mzima niliyeolewa, kwa kuwa hakuridhika na jinsi nilivyoikalia mbuzi. Zilikuwa aya nne au tano, nikiziandika usiku watoto wakishalala. Wasomaji hawakuzidi mia moja na kitu, wengi wao jamaa na marafiki walioko Doha, London na Nairobi, na walikuwa wakiniambia kwamba wakinisoma husikia sauti za kwao.

Niliacha kwa kosa langu mwenyewe. Binti yangu mkubwa alipokuwa darasa la tatu, niliandika jinsi alivyoamka alfajiri akajikuta amelowesha kitanda, akamsingizia paka, nasi tukamweka paka kizimbani na kumhukumu. Kila mtu alicheka. Miezi michache baadaye, jamaa mmoja alikisoma kisa hicho kwa sauti kutoka kwenye simu, katikati ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele wa harusi, na watoto wao wakasikia. Karibu mwaka mzima binti yangu aliitwa Paka huko madrasa. Nilikifuta kisa, kisha nikaifuta blogu yote, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya vitu vya sokoni.

Mwaka jana mavyaa wangu alihamia kwetu, na ameanza kusahau. Usiku mmoja stima zilikuwa zimepotea, tukawa tumeketi barazani tukipunga upepo wa kusi. Mavyaa akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa sarafu ya shilingi 20, ile yenye picha ya ndovu, akampa kijana wangu mdogo wa miaka 7 ili kesho akanunue mabuyu. Kijana akashukuru. Hazikupita dakika kumi, akamwita tena: "Njoo bibi akupe ya mabuyu." Akapapasa pindo, akalikuta tupu, na uso wake ukaingia wasiwasi wa mtu aliyeibiwa. Kijana akainama miguuni pake kama anayeitengeneza leso, akainuka na ile sarafu: "Bibi, ilianguka, hii hapa." Akapewa tena. Mara ya tatu hakungoja kuitwa. Bibi alipogeuza uso kuitazama tuktuk iliyopita, alishairudisha sarafu kwenye pindo na kulifunga fundo kwa vidole vyake vidogo, kwa wepesi wa mtu ambaye amelifanya jambo hilo siku nyingi. Hakuna aliyemfundisha.

Usiku ule niliandika ukurasa na nusu kwenye simu, kwa mara ya kwanza tangu 2018. Nilipomsomea mume wangu, alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Ya nyumbani yabaki nyumbani," akainuka kwenda kufunga mlango ambao ulikuwa umeshafungwa. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 16, alisikia kutoka chumbani akasema, "Mama, mimi usiniandike. Hata jina la uongo usinipe." Dada yangu aliye Doha naye ananisihi nirudi, anasema huko wanaishi kwa habari kama hizo.

Nami nina hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu: kwamba kalamu imeshika kutu, na kwamba siku hizi watu wanatazama video, hakuna atakayekaa kusoma aya tano kuhusu fundo la leso. Je, nirudi kuandika? Au hamu hii ni ubinafsi wangu tu, na mtu mzima anatakiwa kuimeza?

Mwenye Mkono Unaowasha, Tudor

SOMO ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze kwa kukiri jambo. Unauliza kama inafaa kisa cha mavyaa wako kisomwe na watu, na katika kuuliza kwako umekisimulia chote, nami nimekichapisha. Kabla ya kukichapisha nilikuomba ruhusa, na tulikubaliana kubadilisha mambo matatu katika barua yako, ambayo bila shaka sitayataja hapa, kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba ameitambua nyumba hiyo ya Tudor huenda anaitazama nyumba ya mtu mwingine. Hata hivyo, sikuligusa fundo la leso, kwa sababu bila fundo hilo kisa hakipo, na aliyewahi kumwona kijana yule akilifunga atajua papo hapo ni mtoto wa nani. Kinachokifanya kisa chako kiwe kizuri ndicho hicho hicho kinachomtambulisha mtu, na sijui dawa ya kuvitenganisha viwili hivyo kabisa.

Jinsi ninavyokuelewa, umefunga mambo kadhaa katika fundo moja. Ipo hamu ya kuandika, ambayo imerudi baada ya miaka 7. Lipo swali la nani mwenye kisa, yule aliyekiona au yule kilichomtokea. Na ipo hofu kwamba huwezi tena. Unayazungumza yote kana kwamba jibu lake ni moja, nirudi au nisirudi, ilhali nadhani linalomuuma binti yako silo linalomuuma baba yake, na yote mawili hayana uhusiano mkubwa na kutu ya kalamu.

Tuanze na binti, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwa uwazi zaidi. Umenieleza kwamba ulikifuta kisa cha paka, na kwamba uliifuta blogu nzima. Hukunieleza kwamba ulimwomba msamaha. Huenda ulimwomba na hukuona haja ya kulitaja, lakini kama haikuwa hivyo, ebu jaribu kuyatazama mambo kutoka kwake: mtoto wa miaka minane au tisa anachekwa madrasa, na baada ya hapo mama yake, ambaye kila usiku alikuwa akiandika, anaacha kuandika moja kwa moja. Wewe uliacha kwa ajili yake. Yeye huenda amekua akiamini kwamba ndiye aliyeizima taa ya mama yake, na anaposema "usiniandike" leo, sina hakika kama anakukataza kalamu au anakuomba usimrudishe tu mahali pale. Njia ya kujua ni kumuuliza, na kumuuliza si siku unapotaka ruhusa. Mtu akiombwa msamaha na ruhusa kwa pumzi moja, huisikia ruhusa tu.

Na kama, baada ya mazungumzo yote, neno lake likabaki lile lile? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na haikusema kila mtu mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi, na kuzingatiwa kwa maslahi ya mtoto, kabla ya habari zake kushughulikiwa. Sikutajii sheria kukutisha, maana hakuna atakayekushitaki kwa kisa cha paka. Nazitaja kwa sababu zinanichekesha kidogo: zimemweka mzazi mlangoni kama bawabu wa kumlinda mtoto na watu wa nje, na katika nyumba yako bawabu ndiye aliyetoka na mzigo kichwani. Isitoshe, kufuta si kufuta. Zipo hazina za intaneti ambazo tangu mwaka 1996 zimekuwa zikihifadhi nakala za kurasa za watu, na zipo simu za jamaa zilizopiga picha ya ukurasa wako kabla hujauondoa. Yule aliyekisoma kisa kwenye mchele wa harusi hakuwa adui yako. Alikuwa msomaji wako aliyekipenda kisa, na hilo ndilo jambo la kutafakari, kwa kuwa wasomaji wako wa kesho watakuwa kama yeye.

Sasa baba watoto. Umeyachukua maneno yake, "ya nyumbani yabaki nyumbani," kuwa ni katazo la blogu. Huenda ni hivyo. Lakini mimi jicho langu limebaki kwenye ule mlango aliokwenda kuufunga ilhali umeshafungwa. Mavyaa wako ni mama yake mzazi. Huenda usiku ule ndipo alipojua, kwa kusomewa, kwamba mama yake anasahau kiasi hicho na kwamba mwanawe wa miaka 7 amelijua hilo kabla yake na tayari amelitafutia njia. Kumwona mama yako akisahau ni uchungu. Kukuta kwamba uchungu huo umeshaandikwa, tena umeandikwa vizuri, ni uchungu wa aina nyingine. Simjui mumeo na huenda nakosea. Lakini kabla hujamuuliza tena kuhusu kuandika, ungemuuliza kuhusu mama, ukaiweka simu mbali.

Katika hilo hilo, niruhusu neno moja la pembeni. Kusahau kwa mtu mzima mara nyingi tunakusukumia uzee tu, na si uzee siku zote: upungufu wa baadhi ya vitamini, matatizo ya tezi ya shingo, hata maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili, na hayo yana tiba. Kama bado hajaonana na daktari, mpelekeni. Na ule ukurasa na nusu wako, wenye saa na mpangilio wa yaliyotokea, utamfaa daktari kuliko maneno ya "siku hizi anasahausahau." Hiyo ni kazi moja ya kuandika ambayo sidhani mtu yeyote nyumbani atakupinga.

Mavyaa mwenyewe hukunieleza anasemaje, na nashuku hukumuuliza, kwa kudhani kwamba hawezi tena kuulizwa. Wenye hali kama yake huwa na saa zao nzuri, kwa wengi asubuhi. Unaweza kumkalia karibu baada ya chai ukamwambia, "Mama, nimeandika kisa chako wewe na mjukuu wako na pesa ya mabuyu, nikusomee?" Huenda akacheka, akakuambia uongeze chumvi. Huenda pia akafedheheka, kwa kugundua kwamba alitoa sarafu moja tena na tena, na fedheha hiyo hutaweza kumwondolea hata kama kesho yake atakuwa ameisahau sababu. Hatari ipo pande zote mbili. Na hata akikubali, ridhaa ya mtu anayesahau ni kitu cha kushikwa kwa vidole vyepesi. Wanaomjua tangu ujana wake, akiwamo mumeo, wanaweza kukuambia alikuwa mwanamke wa namna gani: wa kupenda kutajwa na kusimuliwa barazani, au wa kuvuta buibui akiona kamera.

Unajiuliza kama hamu yako ni ubinafsi. Hapo nina swali, na linatoka katika lugha yetu wenyewe, maana Kiswahili kimetofautisha kumwandika mtu na kumwandikia mtu. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa visiwa vya Lamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwusia. Tukiusoma leo tunajua mengi kumhusu yeye mtunzi, ndoa yake na maradhi yake, na tunajua machache mno kumhusu binti. Alimwandikia, hakumwandika. Sasa rudi kwenye visa vitatu kati ya vile ulivyonitajia mwenyewe. Katika kisa cha mfereji tunamcheka mumeo, katika kisa cha paka tunamcheka binti yako, lakini katika kisa cha mbuzi anayechekwa ni wewe, mwanamke mzima anayefundishwa upya kukalia mbuzi, na mama yako anatoka humo akiwa na hadhi yake yote. Nami nakuhakikishia kwamba hicho ndicho nilichokipenda zaidi. Je, kile cha fundo la leso kinaweza kuandikwa hivyo, kikiwa kisa chako wewe, mama ambaye anagundua gizani kwamba mwanawe amekuwa mtu mwenye huruma bila yeye kujua ilianza lini? Sijui. Ungejaribu uone kinachobaki. Kikibaki kikavu, basi utakuwa umejua kwamba kisa hicho ni chao.

Ama mahali pa kuandika, usiwe kama mtu anayedhani njia ni mbili tu, kutangaza kwa wote au kunyamaza. Daftari la karatasi linaweza kukutosha, na lina raha yake, lakini wapo waandishi ambao bila msomaji hukauka baada ya wiki tatu, na wewe uliniambia walivyosema wasomaji wako kabla ya kuniambia alivyosema mumeo, kwa hiyo nakuhofia. Tena daftari katika nyumba ya watoto watatu si siri hata kidogo. Unaweza kumwandikia dada yako wa Doha peke yake, barua ya kweli yenye mwanzo na mwisho, mara moja kwa juma. Hapo utapata msomaji, na utapata sababu ya kumaliza sentensi. Hatari ni ile ile ya mchele wa harusi: dada atakipenda kisa, atakisambaza kwa mwenzake kazini, na kufikia Ijumaa kimerudi Mombasa kabla ya wewe kutoka sokoni. Mwombe asisambaze, na ujue kwamba huenda atasambaza.

Kurudi hadharani nako kuna namna zake. Wengine hukilaza kisa, hawakitoi mpaka mwaka upite na aliyemo akubali kukisoma kwanza, na huondoa watoto kabisa mara wanapofika umri wa kusema hapana. Wengine hujificha nyuma ya jina la kupanga, ingawa mji huu una masikio: mke wa fulani, nyumba yenye baraza, watoto watatu na bibi, na kuanzia Makadara hadi Kisauni watu wameshajua. Mimi kwa maoni yangu ningependelea kukawia kuliko kujificha, lakini mimi si mwandishi wa blogu na sijui mkono unavyowasha. Na kunyamaza, ambako unakuona kuwa ndiyo njia ya salama, nako kuna gharama ambayo nyumba huilipa. Miaka 7 umeilipa peke yako. Sijui kama unaweza kuilipa tena bila binti na baba yake kuanza kuisikia katika sauti yako unapowaita mezani.

Kuhusu video sina la kusema sana. Ulikuwa na wasomaji mia moja na kitu enzi hizo, na hukuwa ukiuza kitu.

Imebaki kutu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mwanangu, na mara ya pili nilikuwa nikitafuta jambo moja ambalo hukulisema. Ulinifikisha mpaka mara ya tatu, kijana akilifunga fundo wakati bibi anaitazama tuktuk, kisha ukahamia kwenye simu yako. Stima ziliporudi na kila mtu akaenda kulala, ile shilingi 20 ilikuwa mkononi mwa kijana au kwenye pindo la leso? Ukishapata pa kuandika, popote patakapokuwa, hilo niandikie mimi.